Naachia uenyekiti wa walimu wa hisabati: nimkabidhi nini kwanza anayenifuata?

Mwenyekiti anayeondoka, Newala

Ndugu walimu, muhula wangu wa kuongoza umoja wa walimu wa hisabati wilayani unakwisha, na kabla ya makabidhiano naomba maoni yenu. Nguvu zetu nyingi huishia kwenye mitihani ya ujirani mwema, ile ya pamoja kati ya shule jirani, na maadhimisho ya tarehe 14 Machi, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Lakini kikao kilichonigusa kuliko vyote ni kile ambacho mwalimu alileta daftari la mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5, nasi tukajadili, badala ya namna ya kumsahihisha, swali la kumuuliza. Mwenzetu mmoja akapendekeza: "Je, 2/5 ni kubwa au ni ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo?" Mtoto akishaona kwamba amejumlisha na jibu limepungua, atalikataa mwenyewe. Je, vikao vya aina hii visiwe ndiyo kazi yetu ya kwanza?

Mwalimu wa sekondari, Tandahimba

Shikamoo Mwenyekiti. Nakubali, ila mitihani ya pamoja isiachwe, kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha kosa fulani limeenea kiasi gani. Kasoro ni kwamba tukishazipanga shule kwa nafasi, karatasi hufungiwa kabatini. Zirudisheni mezani.

Mwalimu, Liwale

Shuleni kwetu mwalimu wa hisabati ni mimi peke yangu, na masika hata kufika shule jirani ni kazi, kwa hiyo picha ya ukurasa wa daftari ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp ingenifaa sana. Naongeza jambo moja: waalikeni walimu wa shule za msingi. Mtoto aliyefundishwa kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, kinachotumika kujumlisha sehemu) kwa Kiswahili anaikuta hesabu ileile kwa Kiingereza akiingia sekondari, na sisi tunadhani hajui, wakati mwalimu wake wa darasa la sita angetuambia anajua nini hasa.

Mwenyekiti anayeondoka, Newala

Marahaba, na ahsanteni. Hilo la walimu wa msingi nimelichukua lote. Nitapendekeza kikao cha kwanza kifanyike Januari, kidato cha kwanza wanapoingia, mada iwe hesabu za sehemu kama ile ya 1/2 + 1/3, na karatasi za mtihani wa pamoja uliopita ziletwe. Nauli ya wanaotoka mbali itolewe kwenye fungu la zawadi za shule bora. Najua wapo watakaopinga, nami nitalitetea.