Unga wa lishe wa dukani una sumukuvu kweli? Mtoto ana miezi saba

mama_kijana
Habari zenu jamani, naombeni msaada. Mwanangu katimiza miezi saba nampa uji wa lishe wa dukani, ule uliochanganywa mahindi, soya, karanga, ulezi, mchele mpaka ngano, sasa jirani kaniambia niache eti una sumukuvu, sumu ya fangasi wa kwenye nafaka, inaharibu ini na mtoto anadumaa. Mbona mi nauchemsha sana, si inakufa hiyo sumu?

mzee_wa_mashine
Haifi. Kinachokufa ni fangasi, sumu waliyoacha inavumilia moto wa jikoni. Mi nasaga nafaka, nikwambie tu shida kubwa ni karanga na mahindi. Watu wanaleta karanga zimesinyaa, zina weusi, ambazo ukiziona hununui, zikishasagwa na vingine vitano utazijuaje? Mpe mchele au ulezi mtupu. 2016 Dodoma na Manyara watu kama 20 walikufa kwa mahindi mnakumbuka?

nesi_mstaafu
Mzee usimtishe binti wa watu, ile ilikuwa sumu nyingi kwa mpigo. Kwa mtoto tunachoogopa ni kidogokidogo kila siku, maana uji anakunywa kutwa mara mbili tatu na mwili wenyewe ndo huo. Mama, ule wa kupimiwa usio na lebo achana nao, chukua wenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango), au tengeneza mwenyewe: karanga chambua kabla hujakaanga, mahindi yakoboe maana sumu nyingi inakaa kwenye pumba na kiini (wapenda dona mnisamehe), na usage kidogo kidogo usiuweke miezi.

mbongo_minnesota
Mchele mtupu kila siku nao hapana. Huku Marekani kelele ni aseniki, madini yenye sumu, kwenye nafaka ya mchele ya watoto, mpunga unaivuta kutoka kwenye maji na udongo, 2020 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huku, wakaweka kikomo mikrogramu 100 kwa kilo. Mbadilishie tu, leo ulezi, kesho viazi au ndizi.

mama_kijana
Asanteni sana 🙏 na nikiacha karanga protini atapata wapi?

nesi_mstaafu
Yai lililoiva vizuri, maharage ya kuponda, dagaa. Na ziwa lako usimwachishe.

mzee_wa_mashine
Dagaa toa vichwa, osha mchanga, kausha, lete nikusagie. Ila Jumamosi usije, nasaga pilipili.