Mjadala: Watu wa Mwambao walimtetea Sultani au haki zao?

Mtu wa Kibokoni:
Kila Mwambao ikitajwa, lile vuguvugu la kutaka Pwani ya Kenya ijitawale, husemwa watu wake walikuwa vibaraka wa Sultani wa Zanzibar. Nakataa kabisa. Mkataba wa Desemba 1895 uliwapa Waingereza kazi ya kuendesha ukanda wa maili kumi, Kipini hadi Vanga, kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Mwenye nchi akabaki Sultani. Ndipo bendera yake nyekundu ikapepea Ngomeni Mombasa (Fort Jesus) hadi 1963. Aliyekataa kutawaliwa kutoka Nairobi angeshika hoja gani nyingine? Mapenzi hayakuwapo: Mazrui, watawala wa Mombasa, walipambana na Mabusaidi, ukoo wa Sultani, mpaka 1837, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaja kuasi mara kadhaa.

Mkaazi wa Likoni:
Ndugu yangu, hoja hiyo ilimfaa nani? Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mdai apeleke dai lake lisajiliwe. Pasipo dai, ardhi ikawa ya serikali ya kikoloni. Mijikenda walishika ardhi kwa ukoo, bila karatasi, wakaishia kuitwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Leo umwambie mtu wa Tiwi amtetee Sultani? Ronald Ngala na chama chake cha KADU walidai majimbo bila kiti cha enzi, wakapata watu.

Mwanasheria wa Mji wa Kale:
Someni barua za 5 Oktoba 1963 baina ya Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar. Ahadi ya kudumisha mahakama za kadhi iliingia katika Katiba ya Kenya. Sasa ni kifungu cha 170, kuhusu ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakiikubali mahakama hiyo. Ahadi ya kuweka maofisa Waislamu kwenye sehemu za Waislamu ilifungwa kwa neno "inapowezekana", kwa hiyo haina meno. Ya ardhi ikalinda hati zilizokwisha kusajiliwa, yaani ikaufunga mlango ule ule wa 1908.

Mtu wa Kibokoni:
La ardhi nakubali, sheikh. Lakini Pwani haikupigiwa kura ya maoni.

Mkaazi wa Likoni:
Na hilo ndilo kosa la kumtanguliza Sultani. Mwenye nchi akiwa yeye, saini ni yake. Serikali yake ikasaini London 8 Oktoba 1963 ukanda uwe wa Kenya, na tarehe 12 Januari 1964 akapinduliwa.