Mjadala: Mbao ya kilugha shingoni inamfundisha mtoto kusema au kunyamaza?

Mama wawili, Nyalenda, Kisumu
Mwanangu yuko gredi ya nne kwenye shule moja ya kibinafsi hapa mjini. Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliwataka wasimulie likizo kwa Kiingereza. Wangu akasimama, akasema walikwenda kwa nyanya, akakwama, akaketi.

Na huyu ndiye aliyenichosha masikio kwenye matatu kutoka Usenge mpaka Kisumu, Kijaluo mfululizo: jinsi nyanya anavyotandaza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu kuukuu, kuku gani ni mwizi sugu, na wingu likitanda nani anakimbia kukusanya. Abiria wa nyuma alikuwa ashaanza kumuuliza maswali.

Sasa, shuleni kwao ukinaswa ukiongea kilugha, yaani lugha ya nyumbani, unavishwa kipande cha mbao shingoni, unakaa nacho hadi umnase mwenzako. Sisi tulikivaa miaka ya tisini, nikidhani kilishachomwa. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, ile ya kamati ya elimu, tunaambiwa mtoto aanzie kwa lugha ya eneo lake miaka mitatu ya kwanza, na mtaala wa umilisi umeshikilia hivyo hivyo. Msimamo wangu: mbao itoke, gredi zote. Mnasemaje?

Mwalimu wa gredi ya pili, Kaptembwo, Nakuru
Pole, Mama wawili. Mbao siitetei. Ila nionyeshe lugha ya eneo la Kaptembwo. Darasani nina Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya na Wajaluo, dawati moja. Inabaki Kiswahili, na Kiswahili wanachokuja nacho ni "Ticha, huyu msee ananicheki vibaya." Nikiacha kila mtu aongee anavyotaka, hiki sanifu watakitoa wapi? Nyumbani mzungumzaji ni runinga.

Halafu kuna hesabu. Watoto ni zaidi ya hamsini, kipindi ni dakika 30. Kusikiliza na Kuzungumza iko kwenye mtaala, lakini kila mtoto akisema nusu dakika tu, kengele inalia. Kwa hiyo wanaosikika ni wale wanne wa mbele.

Kilichonisaidia ni vitendawili, wawili wawili. "Kitendawili!" "Tega!" Asiyejua anadaiwa mji, na mji hautolewi kwa ishara ya kichwa, lazima useme nakupa Naivasha, nakupa Molo. Kuna msichana hakuwa amefungua mdomo tangu Januari. Siku hiyo aligawa miji mpaka akaishiwa, akaanza kugawa stendi za matatu. Kelele? Naam. Mwalimu mkuu alikuja dirishani mara mbili.

Baba, Mumias
Tusiwaonee walimu. Sisi ndio tunaofika getini kusikiliza kama watoto wanaongea Kiingereza, ndipo tulipe karo. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nyumbani wangu namsemesha Kiingereza changu cha kuungaunga, na mamangu, asiyekijua, wanaangaliana tu na mjukuu wake.

Mwalimu wa sekondari, Kakamega
Hamjagusa mtihani. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa Kifaransa ina karatasi ya kuzungumza, mtahini na mtahiniwa uso kwa uso. Kiswahili hakina. Mtu anapata A ya Kiswahili bila mtahini yeyote kumsikia akitamka sentensi. Sasa nani atapoteza kipindi kwa mdomo?

Mama wawili, Nyalenda, Kisumu
Mwalimu wa Kaptembwo, kwa lugha ya eneo umenibana, Nyalenda si Nakuru. Lakini hicho kitendawili chako hakikuhitaji mbao, au sivyo?

Jana nimejaribu. Nilimwambia asimulie omena kwa Kijaluo, kisha arudie kwa Kiswahili. Alikwama mahali pamoja tu, hakujua "nyavu". Nikampa. Akaendelea mpaka kwa kuku mwizi, na hapo hata Kijaluo hakikumtosha, akasimama kumwigiza.

Baba wa Mumias, kuna shule huko iliyotoa mbao? Nataka kujua watoto walianza kusema nini.