Chanjo ya Korona: Kinshasa ilipokea mbele ya Kigali, mbona siye njo tulibaki nyuma?

Mwana_Birere (Goma)

Jambo ba ndugu na ba dada. Niko na ulizo moja inanisumbuaka kila mara napita Petite Barrière, mupaka wetu na Rwanda, kwenda Gisenyi. Mwaka 2021, tarehe 2 mwezi wa tatu, ndege ilishuka Kinshasa na dozi 1,700,000 za AstraZeneca kutoka COVAX, ule mupango wa dunia uliokuwa unagawia inchi vaksini. Kesho yake Rwanda nayo ikapata ya kwake, 240,000 za AstraZeneca na kama 103,000 za Pfizer. Yaani siye njo tulipata mbele, na tulipata mingi. Lakini tarehe 5 Rwanda ilisha kuanza kupiga batu sindano, tarehe 11 President Kagame na bibi yake bakachanjwa, huku kwetu tukangoja mpaka tarehe 19 mwezi wa ine. Na ata mbele ya mwezi wa ine kuisha wakaamua dozi kama 1,300,000 zitolewe zipelekwe inchi zingine, Ghana, Madagascar na kwingine, juu zingepita muda mikononi mwetu.

Dada yangu aliolewa Gisenyi. Mama mukwe wake, muzee kabisa, alichanjwa mwezi ule ule wa tatu. Mama yetu huku Birere, mutu wa sukari, mwezi wa tano alikuwa bado anauliza kama ni kweli vaksini inagandisha damu. Alitutoka mwezi wa saba. Sisemi sindano moja ingemuokoa, hiyo anajua Mungu, lakini natakaka kuelewa. Ilikuwa pesa? Bakubwa? Ao siye raia benyewe? Na kwingine walifanyaje?

Muganga_Himbi (Goma)

Pole sana ndugu kwa mama. Mimi nilikuwa kwenye kazi ile ya kuchanja kwa hiyo nitasema nilichoona.

Kwanza ujue sisi tulipaswa kuanza tarehe 15 mwezi wa 3. Wakati ule Denmark, Norway na inchi zingine za Ulaya walisimamisha AstraZeneca kwa sababu ya damu kuganda kwa watu wachache, na serikali yetu nayo ikasimamisha hata bila kuanza. Tarehe 18 wakala wa dawa wa Ulaya alisema faida inapita hatari, nchi nyingi zikaendelea, sisi tukabaki tunangoja mwezi mzima. Kwangu mimi njo pale tulipotezea vita. Ukisema vaksini imefika halafu ukaifunga mu frigo bila kueleza raia kitu, watu watajieleza wenyewe, na WhatsApp ilijaa sauti za watu wasiojulikana wanasema utakufa baada ya miaka miwili. Siku tulipofungua mlango, hao walikuwa wametutangulia kwenye kila nyumba.

Watu wanasemaka eti Congo haina baridi ya kuweka vaksini. Haiko vile. Vaksini ya Ebola inawekwa kwa digri 60 mpaka 80 chini ya sifuri, na tuliifikisha Beni, Butembo, Mangina, tukachanja watu zaidi ya 300,000 katikati ya vita. AstraZeneca inataka frigo ya kawaida tu, digri 2 mpaka 8. Baridi tulikuwa nayo, tulichokosa ni pesa ya usafiri, bareko, wale wajitolea wa afya, waliokuwa wanazunguka mitaa bila kulipwa, na neno moja la wazi kutoka juu.

Kitu kingine ambacho watu wa nje hawaelewi: kichupa kimoja kina dozi 10, na ukikifungua una saa 6 tu, zikipita unamwaga. Sasa asubuhi wanakuja watu watatu. Unafungua umwage saba, ao unawarudisha? Kigali walikuwa wanaitwa kwa liste, wazee, waganga, wenye magonjwa, kichupa kinaisha. Sisi tulikuwa tunakaa tunaangalia mlango.

Ruzizi_243 (Bukavu)

Niongeze ya majirani wengine juu tusijilinganishe na Rwanda peke yake. Burundi, tarehe za mwezi wa pili 2021, waziri wao wa afya alisema hawahitaji vaksini juu zaidi ya 95 kwa mia ya wagonjwa wanapona. Wakaanza tarehe 18 mwezi wa 10, na Sinopharm ya Wachina, wakati huo duniani kulikuwa kumebaki Eritrea na Korea Kaskazini tu. Batu ba Uvira wanaofanya biashara Bujumbura wanakumbuka vizuri.

Tanzania nayo, Magufuli alizikataa waziwazi, akafariki tarehe 17 mwezi wa tatu, halafu Mama Samia akaja, tarehe 28 mwezi wa saba akachanjwa mbele ya kamera, Johnson ile ya sindano moja. Haikuwa kwamba kesho yake inchi nzima ilipanga mustari, hapana, ilichukua muda na ilibidi baadaye wapite nyumba kwa nyumba, lakini mulango ulifunguka. Kwetu President Tshisekedi alisema mwenyewe mu 2021 kama hakuchanjwa juu alikuwa na mashaka na AstraZeneca. Sasa mama muuza ndizi wa Kadutu, hapa Bukavu, atapata wapi nguvu ya kuamini kitu kama mukubwa wa inchi anasita? Iliniuma sana ile.

Kamalondo_Boy (L'shi)

Bandugu tusijipige siye peke yetu. Uingereza ilianza tarehe 8 mwezi wa 12, 2020, Israeli tarehe 19 mwezi ule ule, na wenye pesa kama Canada walikuwa wameagiza dozi za kutosha kuchanja raia wao mara kadhaa. Afrika ya COVAX ilianza na Ghana tarehe 24 mwezi wa pili. Halafu mwezi wa tatu India, kwenye AstraZeneca ya COVAX ilikuwa inatengenezwa, ikafunga kutuma nje juu Korona iliwapiga vibaya. Malawi ilichoma moto dozi 19,610 mwezi wa tano, juu zilikuja na muda mufupi sana.

Lakini kuna mufano moja inanifanya nikubaliane na Muganga. Bhutan, inchi ndogo ya milima, si tajiri. Dozi za India zilipofika hawakukimbilia kuanza, walipanga kwanza kila kijiji, wakaanza tarehe 27 mwezi wa tatu na mu wiki mbili tu watu wazima karibu 9 kwa 10 walikuwa wamechanjwa. India ikafunga, wakabaki bila dozi ya pili mpaka mwezi wa saba, Marekani na wengine wakawapa. Nao walingoja kama siye, lakini kungoja kwao kulikuwa kazi.

Mwana_Birere (Goma)

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Muganga, ile ya kichupa imenigusa pabaya. Mama tulimubembeleza mpaka mwisho akakubali, nikamupeleka santre moja ya afya siku ya tano, tarehe 21 mwezi wa tano. Walikuwa batu bane. Wakasema murudi siku ya kwanza tutakuwa bengi. Siku ya posho magharibi volkano yetu ya Nyiragongo ikalipuka, halafu tarehe 27 wakasema tuhame, tukatembea na mama mpaka Sake. Tuliporudi hakutaka tena kusikia. Mi nilikuwa nafikiri walimufukuza tu.

Muganga_Himbi (Goma)

Ndugu yangu. Hawakumufukuza, walikuwa wanalinda dozi sita. Mimi pia nilirudisha watu hivyo, wengi, na kuna sura sijazisahau. Baadaye pale kwetu tuliamua tunafungua hata kwa mutu moja, akishaingia ule mlango hatoki bila sindano, kinachobaki kimwagike. Mwaka 2024 chanjo ya mpox, ule ugonjwa wa vipele, ilipoanzia hapa Goma, tarehe 5 mwezi wa 10, nilikuta vijana wapya wanahesabu watu tena kwenye benchi. Niliwaambia wafungue.