Aksolotli ametaga, tangi zima mayai, nifanyeje?

kijana_wa_Leicester: Wakuu habari za wikendi. Nina aksolotli wawili (wale salamanda wa majini wanaofanana na mijusi), jike mweupe na dume mweusi, leo asubuhi nawasha taa nakuta mayai kila mahali, kwenye majani, bomba la filta, hadi kwenye kioo, kwa kukadiria yanapita mia mbili. Nataka nilee yote. Niyatoe au niyaache? Na wakitotolewa wanakula nini, maana wakubwa nawapa nyungunyungu tu. Binamu yangu yuko California keshaomba wawili.

MamaAkwariamu: Hongera mdogo wangu, ila kwanza nijibu, hao wawili ni ndugu? Kama uliwanunua duka moja siku moja ujue uwezekano ni mkubwa, na kama ni ndugu mayai yote weka friza yafe leo leo kabla hayajafanya umbo. Kama si ndugu lea ishirini tu, inatosha kabisa, zingine friza, kwa sababu jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 1000 na huwezi kupata watu wa kuwapa wote hao. Yatoe kwenye tangi, wakubwa watayala. Kata jani na mayai yake, weka kwenye beseni la maji yasiyo na klorini, nyuzi 18 hadi 20, wiki mbili tatu yatatotolewa. Yai likiota ukungu toa haraka. Na dume mhamishe sasa hivi jamani, jike akizalishwa tena kabla hajapumzika anaisha mwili, mpe miezi sita.

Fundi_Filta: Vitoto siku mbili tatu za mwanzo hawali, wana kiini cha yai tumboni. Baada ya hapo lazima chakula kiwe hai na kinatembea, la sivyo hawakioni. Totolesha mayai ya atemia (viduduwasho wadogo jamii ya kamba) kwenye maji ya chumvi na pampu ya hewa, siku moja au moja na nusu wako tayari, wasuuze na maji yasiyo na chumvi ndio uwape, asubuhi na jioni, maji ya beseni badilisha kila siku. Miguu ya mbele ikitoka wanaanza kung'atana, tenganisha wakubwa na wadogo. Mguu ukikatika unaota tena lakini kwa nini ateseke bure.

kijana_wa_Leicester: Shukrani sana, dume nishamhamisha. Wa binamu je?

MamaAkwariamu: California ni marufuku kumfuga, wanaogopa akitoroka atazaana na salamanda wa kule. Mwambie achague mnyama mwingine.