Mrejesho: Ile gemu ya Simpsons ya kubeba abiria

Wakuu, niliuliza kama The Simpsons: Road Rage ya PS2 (PlayStation 2) inafaa kwa banda langu la gemu hapa Kirumba, au nisubiri Crazy Taxi yenyewe, ile gemu ya teksi iliyotangulia. Nimeichukua. Mliosema ni kopi ya Crazy Taxi mko sahihi kabisa: beba abiria, fuata alama inayoelekeza, fika kabla muda haujaisha. Crazy Taxi ya kampuni ya Sega ilitoka 1999, hii ikaja 2001, na 2003 Sega wakawapeleka mahakamani wenye Road Rage kudai hataza yao, yaani haki ya ubunifu wao. Wakamalizana nje ya mahakama. Madogo hayo hayawahusu. Wanagombania kuendesha na Homer, yule baba wa kwenye katuni ya Simpsons, na anayegonga nguzo anaitwa dereva wa daladala za Igoma. Ila gemu inachelewa kufunguka, inaudhi. Crazy Taxi bado naitafuta. Mwenye nayo Mwanza anicheki.