Jiko limekufa: ninunue la gesi au la umeme?

Mama wa Kirumba: Wadau, jiko langu la umeme la sahani mbili limeungua. Nimepanga, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) tunachangia wapangaji wote, na nikiinjika maharage tu naanza kununiwa. Ugali wa udaga (unga wa muhogo) na samaki sato ni kila siku. Nirudie umeme au nihamie gesi?

Fundi Nyegezi: Dada, sahani ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja na nusu. Kununiwa ni haki yako, hahaha. Chukua gesi. Kusonga ugali kunataka moto unaopungua papo hapo. Sahani inachelewa kupoa, ugali unaungua.

Mjukuu wa Ukerewe: Maharage kwa mtungi wa kilo 6? Utaulilia. Tafuta presha kuka ya umeme, ikishapata presha inajizima na kuwaka yenyewe.

Mama wa Kirumba: Sawa, ila chumba ni kimoja. Nilale na mtungi?

Fundi Nyegezi: Uwe karibu na mlango, usimame wima. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Maungio jaribu kwa povu la sabuni. Kwa kiberiti hapana jamani, wapo wanaofanya hivyo!